Mama Sampuli na Maji ya Kisima Changu

Kabla hajakusalimia sawasawa, Mama Sampuli alikuwa anakunusa. Siyo kwa dharau. Alikushika mkono, akauinua hadi karibu na pua yake kama mama anayekagua mtoto kama amenawa, halafu akasema, "Umepaka mafuta. Nenda kaoge." Mimi nilirudishwa nyumbani hivyo siku ya kwanza kabisa ya kazi, mtu mzima mwenye mke na watoto wanne. Mke wangu, Mama Aika, ndiye aliyenipaka hayo mafuta. Alisema siwezi kwenda kwa mgeni wa mjini miguu imepauka kama nimelala jivuni. Aliponiona narudi akaniuliza, "Umefukuzwa?"

"Hapana. Nimenuka."

Alicheka hadi akakaa chini kwenye majani ya ng'ombe. Kicheko hicho nakisikia mpaka leo.

Sababu niliambiwa baadaye. Ile mitambo ya maabara ni wambea, inasema kila kitu. Ukishika udongo kwa mkono wenye mafuta, inasema mafuta. Ukijipaka dawa ya mbu, inasema dawa, na huko mjini wataandika kwamba shamba zima lina sumu, kumbe ni mbu wako tu. Kwa hiyo siku za kazi yake hatukupaka kitu, hatukuvuta sigara, na dereva wake aliamriwa kujaza petroli siku moja kabla. Tulitembea tumepauka wote, yeye mwenyewe akiwa mbele, mama mnene mwenye buti za mpira, na watu wa barabarani wakatuita jeshi la majivu.

Jina lake nalijua ila silitaji, maana kwetu hakuna aliyelitumia. Kazi yake ilikuwa kuchukua sampuli za udongo na za maji ya chini mahali panapodhaniwa pameingia sumu, basi akawa Mama Sampuli. Alizaliwa lini, baba yake nani, hayo sikuuliza. Kwa ulimi wake alikuwa mtu wa Rombo. Kichagga chake na cha kwetu huku chini ya Old Moshi havikuelewana vizuri, ikabidi tuongee Kiswahili, na kila mmoja akimcheka mwenzake anavyokivuta. Yeye alikuwa Mkatoliki, sisi Walutheri. Alikuwa akisema, "Ninyi mnaimba kama watu wanaopandisha mzigo mlimani." Lakini tukianza wimbo kazini aliingia, tena kwa sauti kubwa, na maneno akiyakosea yote.

Siku ya kwanza aliniambia shikamoo, na mimi saa ileile nikamwambia shikamoo, tukabaki tumeinamiana kama mbuzi wawili darajani. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye mkubwa.

"Marahaba hasemi mtu leo?" akauliza.

Tukahesabu miaka, nikamzidi miwili. Tangu hapo alinipa shikamoo yangu kila asubuhi, hata siku tuliyogombana. Alikuwa anaweza kusema, "Shikamoo Baba Aika, wewe ni mjinga," bila kuvuta pumzi katikati.

Sasa niseme jambo moja mapema ili lisinisumbue njiani. Mama huyu nilimdanganya. Nilimdanganya mara moja tu, katika chupa mbili za maji, na kwa uongo ule familia yangu na majirani wakanywa maji mabaya miezi saba zaidi. Yeye akaamini kosa ni lake. Nilikaa na jambo hilo miaka mingi, Mama Aika akafa bila kulijua, na ninapomkumbuka Mama Sampuli, hata katika mambo ya kuchekesha, lipo palepale pembeni linanisubiri. Basi msomaji naye alijue, maana mimi nasema tu, binti yangu ndiye anayeandika.

Mahali penyewe ni shamba la kahawa la zamani, kubwa, ambalo mwenyewe aliondoka likabaki pori. Mimi nilifanya kazi humo ujanani. Nilibeba pampu mgongoni, napuliza mrututu na dawa nyingine ambazo majina yake sikuweza kuyasoma kwa sababu shule niliishia darasa la tatu. Darasa la nne nilikwenda siku mbili, baba akanitoa nikachunge. Sijutii sana, mwalimu mwenyewe alikuwa anapiga kwa rula ya chuma. Ninachotaka kusema ni kwamba dawa zilikaa kwenye ghala la mabati, na shamba lilipokufa mapipa yalibaki ndani, yakaoza, yakavuja. Chini ya ghala, kama mwendo wa kumaliza sigara moja, ndipo nilipopata kiwanja changu. Na hapo nikachimba kisima kwa mikono yangu, mita kumi na moja, mimi na shemeji yangu mmoja mlevi ambaye alichimba vizuri zaidi akiwa amelewa.

Mtu ataniuliza, hukujua ghala liko juu yako? Nilijua. Lakini tulizoea kusema udongo unachuja. Na mahali pale majani yalikuwa mabichi hata kiangazi. Maji yalipotoka, Mama Aika akayaonja kwa kiganja akasema ni matamu. Tangu siku ile nyumba tisa zikateka kwangu, na mimi nikawa mtu. Mtu asiyejua kuandika barua akaitwa mzee wa kisima. Ukiwa hujawahi kuwa na kitu cha kuwapa watu, hutaelewa.

Yeye alikuja miaka tisa baada ya hapo. Walitaka kugawa shamba lile viwanja, ofisi moja ikasema lazima papimwe kwanza. Akanitafuta mimi kwa sababu watu walimwambia najua kila kona ya ghala. Nikawa mchimbaji wake, pale na baadaye sehemu nyingine nyingi. Tulikwenda hadi Tarakea mpakani, tukachimba kwenye gereji ya zamani, mafuta machafu yamezama ardhini hadi udongo unang'aa.

Kifaa chake kikubwa kilikuwa keekee ya udongo, ndefu kuliko mimi, juu ina mkono wa msalaba. Unaizungusha, inakula ardhi, unaitoa na udongo umejaa mdomoni. Udongo tuliupanga juu ya nailoni, wa juu kwanza, kisha wa chini yake, mpaka wa mwisho, kama mtu anayepanga viazi sokoni. Mama Sampuli alipiga magoti akausoma. Nasema akausoma, kwa sababu mimi niliona matope tu, yeye aliona mambo. "Hapa palikuwa na moto. Hapa mtu alimwaga kitu akafukia. Baba Aika, nani alifukia hapa?" Na kweli tulifukia, mwaka fulani, pipa lililopasuka. Nilishikwa na aibu kama nimekutwa bafuni.

Kati ya shimo na shimo keekee ilioshwa kwa maji na sabuni isiyonukia, kisha maji tena, kisha maji mengine tena ya kwenye dumu lake maalumu. Dereva alilalamika, "Mama, si tunaichafua sasa hivi tena?" Akamjibu, "Na wewe si utakula kesho tena? Mbona umekula leo?"

Chupa zake za maji zilikuwa za kioo cha kahawia. Ilibidi zijae hadi mdomoni, kisha anaigeuza chupa juu chini kuangalia kama kuna povu la hewa. Likiwepo, anamwaga, tunaanza upya. Halafu zinaingia kwenye boksi la barafu. Sasa fikiria mama mnene anashuka na boksi la barafu lenye chupa za kahawia, anapita mbele ya kilabu cha mbege mchana wa jua. Walimpigia kelele: "Mama, hiyo bia ya baridi unapeleka wapi na sisi tupo?" Naye hakukosa jibu. "Ni ya kisima chenu. Nani anaanza?" Wakacheka. Mimi sikucheka sana.

Kitu kilichowashangaza watu ni kwamba alichimba pia mahali pasafi. Kule juu, karibu na msitu, ambako hakuna ghala wala gereji. Alisema lazima ajue udongo mzima unafananaje ili autambue mgonjwa. Bibi mmoja mwenye kihamba, shamba la ukoo la migomba, alikataa kata kata, kwa sababu mumewe na wakwe zake wamelala humohumo kwenye migomba.

"Unataka kumchimba mume wangu?"

"Hapana mama. Nataka ujirani naye, mita kumi upande wa kule."

"Yeye hakupenda majirani."

Mama Sampuli akakaa. Aliketi kwenye kiti cha magogo cha bibi tangu asubuhi hadi wakaishia kumenya ndizi pamoja, hakutaja tena habari ya shimo. Jioni bibi mwenyewe akamwonyesha mahali. "Hapa. Hapa hata yeye alikuwa hapatumii." Dereva aliyekuwa na haraka ya kurudi mjini alinuna njia nzima. Nilijifunza pale kwamba mama yule ambaye alipima kila kitu kwa saa na kwa uzi, muda wa watu hakuupima.

Alikuwa na mambo yanayopingana namna hiyo. Kazini tone moja la maji likimwagika anagomba, lakini mkoba wake ulikuwa jalala. Humo mlikuwa na maandazi ya juzi, rozari, bisibisi, soksi moja, na funguo ambazo hazikupatikana hata siku moja kwa mara ya kwanza. Sumu haikumtisha, lakini kuku aliwaogopa. Kuku! Akiingia uani kwangu Mama Aika anatangulia kuwafukuza kama anapisha msafara wa mkuu wa mkoa. Na mtu huyu aliyeijua ardhi kuliko wote niliowaona, hakuwa na kiwanja. Alikaa nyumba ya kupanga Moshi mjini maisha yake yote. Madalali walimwonyesha vingi. Kila akionyeshwa kimoja alitoa kijiko na mfuko kwenye ule mkoba, akataka achukue udongo kidogo akaupime, na dalali akakimbia.

"Hata shamba la Edeni ungelichimba kwanza," nilimwambia.

"Lile ningelichimba mara mbili," akasema. "Mbona waliondoka?"

Nafika sasa kwenye siku yenyewe, maana nimezunguka vya kutosha.

Ilikuwa zamu ya kisima changu. Alinieleza kwamba maji yaliyolala kisimani hayafai, ni lazima tuyatoe kwanza ili maji ya ardhini yenyewe yaingie, ndipo tuchukue. Nikateka ndoo nikamwaga, nikateka nikamwaga, sijui ndoo ngapi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kadiri nilivyoteka, maji yakazidi kuwa na rangi, kama chai ya maziwa. Na katika ndoo moja akatoka chura, amekufa, tumbo juu. Nikamtupa migombani haraka.

Wakati huohuo mwenyekiti wa kijiji akamwita Mama Sampuli kule ghalani, kulikuwa na ugomvi na mlinzi aliyekataa kufungua. Akaniachia chupa mbili. "Baba Aika, yakianza kuja yenyewe, jaza. Zijae kabisa. Mimi narudi sasa hivi."

Nikabaki na chupa. Kisimani maji ya matope na chura. Nikajiuliza, nitampaje mgeni hayo? Yaende mjini, wayaweke mezani, waseme haya ndiyo maji ya mzee fulani? Kwetu mgeni akiomba maji unasuuza kikombe mara mbili hata kama kilikuwa safi. Nikachukua chupa, nikaenda mfereji mkubwa unaoshuka kutoka msituni na kupita kwenye kidaraja, nikazijaza maji meupe yanayoumiza vidole kwa baridi. Zilijaa vizuri sana. Hakuna povu hata moja.

Niseme yote. Nusu ilikuwa adabu. Nusu nyingine ilikuwa woga, kwa sababu moyoni nilishaanza kuogopa majibu.

Aliporudi amechoka na ugomvi akaziangalia, akasema, "Umejaza vizuri, Baba Aika." Akaandika majina, akaziweka kwenye barafu pamoja na chupa mbili za mfereji ambazo yeye mwenyewe alikuwa amezichota mapema za kulinganishia. Nikatia sahihi yangu kwenye karatasi ya kukabidhiana. Sahihi yangu ni herufi mbili tu, nazichora polepole, na siku ile ziliniletea fahari.

Majibu yakaja. Kisima safi. Tulichinja mbuzi.

Miezi saba ikapita ndipo akarudi, peke yake, bila kuitwa na ofisi. Alikaa jikoni kwetu, akatoa makaratasi. "Kuna kitu kinaninyima usingizi," akasema. "Namba za kisima chenu na namba za mfereji ni mapacha. Hakuna kisima kinachofanana na mfereji hivi. Nadhani nilichanganya chupa. Nilibandika jina la kisima kwenye chupa za mfereji. Baba Aika, unakumbuka lolote? Zingeweza kuchanganyika?"

Mama Aika alikuwa amesimama pale akikoroga mtori. Nikamwangalia mke wangu, nikaangalia karatasi.

"Labda zilichanganyika, mama," nikasema.

Ndivyo nilivyosema. Naye akaandika hivyo, kwamba mchukua sampuli alichanganya chupa. Akayapeleka mwenyewe kwa wakubwa wake, na walimsema sana, nilisikia kwa dereva. Kisha akachukua maji upya, safari hii kamba akiishika mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Dawa ya kahawa ilikuwemo. Siyo kidogo.

Kisima kikafungwa. Hakutuma barua. Alikuja mlango kwa mlango nyumba zote tisa, akaeleza, akatukanwa, akaeleza tena. Mama Aika alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Miezi saba iliyopita ulituambia ni safi. Leo unatuambia ni sumu. Kesho utatuambia ni maziwa?" Mama Sampuli akasema, "Una haki. Nilikosea." Na mimi nimesimama hapo mlangoni nimeshika kofia.

Karibu mwaka mzima Mama Aika hakumpa mkono. Alikuwa anabeba maji kutoka bomba la mbali, na kila akitua ndoo alisonya. Yule mama aliendelea kuja, mara baada ya masika, mara baada ya vuli, kupima kisima kilichofungwa aone sumu inapungua au inazama ardhini zaidi. Kila akija alipitia nyumbani, akasimama nje mbali na kuku, akasalimia, hakujibiwa, akaenda zake. Siku moja Mama Aika akatoka akafukuza wale kuku. Aliwafukuza tu, akaweka kiti. Basi wakawa marafiki, tena wale wa kukaa wakanisema mimi mbele yangu.

Baada ya lile kosa ndipo zikaanza tabia zake zote ambazo vijana aliowafundisha bado wanazisimulia. Kuandika jina kwenye chupa kabla haijaona maji. Kuliandika tena kwenye kifuniko. Kulisoma kwa sauti, mtu mwingine alirudie kwa sauti, kama watu wanaoungama. "Chupa isiyo na jina ni takataka!" alikuwa akipiga kelele, na vijana wakimwigiza nyuma ya gari. Walidhani ni ukali tu wa mtu mzima. Mimi peke yangu nilijua ukali ule umetoka wapi, na nilirudia majina kwa sauti kuliko wote.

Alipostaafu aliendelea kuja kwa nauli yake. Kisha Mama Aika akaugua. Tumbo likavimba, hospitali wakasema ni ini. Mama Sampuli alikaa naye siku nyingi, akamlisha kwa kijiko. Siku ya maziko, pale nyuma ya nyumba, alichukua udongo kwa mikono mitupu, akautupa kaburini, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikumwona akiuangalia.

Baada ya hapo akaacha kuja. Miguu ilimzidi, macho pia. Nami sikwenda. Nilijiambia ni mbali. Siyo mbali. Nilimwogopa.

Kiangazi hiki binti yangu Aika ndiye aliyenisukuma. Alikuwa ananisikia naongea peke yangu. "Baba, nenda ukamwone huyo mama. Kama kuna kitu, kaseme." Nikakata mkono wa ndizi. Na nikakata jani moja la isale, ule mmea tunaoupanda mpakani mwa vihamba, nikalifunga fundo, nikalitia mfuko wa ndani wa koti. Huku mlimani, kuanzia kwetu hadi kwao Rombo, mtu aliyekukosea akija na jani hilo, humfukuzi. Unalipokea. Ndivyo tulivyolelewa wote.

Nilimkuta barazani, nyumba ileile ya kupanga. Amekonda. Binti yake akanikaribisha, "Shikamoo babu! Mama yuko fresh tu, ila macho ndo yamezingua." Mama Sampuli akageuza uso kuelekea sauti yangu.

"Shikamoo Baba Aika."

"Marahaba mama."

"Lete mkono."

Nikampa. Akaunusa. "Ndizi, koti la zamani, na umejipaka. Siku hizi unaruhusiwa."

Tukaongea habari za watu, nani amekufa, nani ameoza meno. Chai ikaja. Nilizunguka kama ninavyozunguka humu, mpaka chai ikapoa. Kisha nikauliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba tangu msibani.

"Mama, ile miezi saba. Ndiyo iliyomuua Mama Aika?"

Hakuharakisha. "Alikunywa kisima kile miaka mingapi kabla sijaja?"

"Tisa."

"Na baada ya majibu yale, miezi saba. Sijui, Baba Aika. Ini linaugua kwa mambo mengi. Inaweza kuwa kisima, inaweza isiwe. Mtu akikuambia anajua, muulize alipima nini."

"Nilitaka useme hapana."

"Najua. Siku ya msiba nililitafuta hilo neno kuanzia stendi hadi kwako. Sikulipata." Akapapasa kikombe, akakiweka chini. "Lakini miezi ile ni yangu. Sikuwahi kukuomba radhi wewe, nilimwomba yeye. Mimi ndiye niliyechanganya chupa. Kila nikilala naziona zile chupa nne, nazipanga upya, sioni nilikosea wapi. Nisamehe, Baba Aika."

Nikatoa jani. Nikaliweka kwenye kiganja chake, naye akalipapasa, akafika kwenye fundo, akasimama hapo.

"Hili la nini?"

"Hukuchanganya."

"Unasemaje?"

"Hukuchanganya chupa, mama. Mimi nilizijaza mfereji. Kisima kilikuwa na matope, na chura, nikaona aibu. Na niliogopa. Halafu ulipouliza, nikasema labda."

Ndani binti yake alikuwa anaosha vyombo, nikasikia ameacha. Mama Sampuli aligeuzia barabarani macho yake yasiyoona. Nilijitayarisha kuondoka.

"Kwa hiyo majina niliandika sawa," akasema.

"Uliandika sawa."

"Yote manne."

"Yote, mama."

"Na Mama Aika alijua?"

"Hapana."

Hapo alifumba macho. Alifumba kwa muda mrefu, na machozi yakapita hata hivyo. Jani alikuwa amelishika kwa mikono yote miwili. Hakulirudisha. Hakusema amenisamehe pia, na sitaki iandikwe kwamba alisema. Alipofungua mdomo, sauti yake ilikuwa ile ya kazini, ya mtu aliyepiga magoti mbele ya udongo.

"Mfereji sehemu gani? Juu ya kidaraja au chini?"

"Juu."

"Kwa nini juu? Chini ni karibu na kwako."

"Chini wanafua nguo, mama," nikasema. "Nisingeweza kukupa hayo."

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia zaidi, kumbe anacheka, anacheka kabisa, na machozi bado yanashuka, mpaka binti yake akatoka na mikono ya mapovu kuja kuangalia kuna nini barazani.